Vita vinne vya Mannerheim: jemadari wa Finland alikuwa upande gani?

Tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022, na hasa baada ya Finland kuingia NATO tarehe 4 Aprili 2023, mazungumzo kuhusu mpaka wa Finland na Urusi hayakosi kumfikia mtu mmoja: Carl Gustaf Emil Mannerheim. Akitajwa tu, ubishi unaanza. Mmoja atasema alikuwa rafiki wa Hitler, na picha za wawili hao wakiwa pamoja anazo. Mwingine atasema ndiye aliyeizuia Finland isimezwe na Stalin. Wa tatu amesoma mahali kwamba mtu huyohuyo aliwahi kuwa jenerali wa jeshi la Urusi, na sasa haelewi chochote.

Wote watatu wana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba vita vinne tofauti vinafungwa kitita kimoja na kuhukumiwa kwa neno moja. Mannerheim aliliongoza jeshi la Finland mwaka 1918, kisha 1939, kisha 1941, kisha 1944. Kila safari adui, sababu na makosa vilikuwa vingine. Anayetaka kumwelewa hana budi kuvitenganisha.

Kwanza tuweke sawa mambo mawili. Finland haikuwa dola huru alipozaliwa. Kwa karne nyingi ilikuwa sehemu ya Sweden, na mwaka 1809 ikatwaliwa na Urusi. Ikabaki na sheria zake na utawala wake wa ndani, lakini mkuu wa nchi akawa Kaisari wa Urusi. Kwa hiyo kijana wa Kifini aliyejiunga na jeshi la Kaisari hakuwa akilisaliti taifa lake. Alikuwa akimtumikia mtawala halali wa nchi yake. Jambo la pili ni vyeo. Amiri jeshi mkuu ni wadhifa: ndiye anayeliongoza jeshi zima vitani. Mashali ni cheo, kilicho juu ya jenerali. Mannerheim alikuwa jenerali huko Urusi, akapewa cheo cha fildi mashali na Finland mwaka 1933, na mwaka 1942 akaitwa Mashali wa Finland, cheo ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukishika.

Miaka thelathini ya kumtumikia Kaisari

Alizaliwa tarehe 4 Juni 1867 katika jumba la Louhisaari, kusini-magharibi mwa Finland, katika ukoo wa makabaila waliozungumza Kiswidi. Jina la ukoo lilikuwa kubwa lakini fedha ziliisha. Baba yake alifilisika, akaiacha familia na kwenda Paris na mwanamke mwingine. Januari 1881 mama yake akafariki, Gustaf akiwa na miaka 13. Alikua mtoto mkaidi. Mwaka 1886 alifukuzwa chuo cha kijeshi cha Hamina kwa kutoka bila ruhusa, na mwaka uliofuata akaenda St Petersburg kuanza upya katika chuo cha askari wa farasi.

Huko alipanda haraka. Kaisari Nicholas II alipotawazwa Moscow mwaka 1896, Mannerheim alikuwa mmoja wa maofisa wawili waliotembea mbele yake katika msafara. Alijitolea kwenda vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905. Kisha, kati ya 1906 na 1908, akafanya safari ambayo peke yake ingetosha kumweka katika vitabu: alivuka Asia ya Kati kwa farasi hadi Beijing, akijitambulisha kama mtafiti wa mila na mambo ya kale, huku kazi aliyotumwa na jeshi la Urusi ikiwa ni upelelezi wa barabara, ngome na hali ya majeshi ya China. Wakati huohuo utafiti aliufanya kwelikweli. Vitu alivyokusanya na picha alizopiga vinathaminiwa na wataalamu hadi leo. Njiani alikutana na Dalai Lama wa 13, kiongozi wa dini wa Tibet, aliyekuwa uhamishoni katika mlima wa Wutai Shan nchini China, akamzawadia bastola.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza vikosi vya farasi vya Urusi dhidi ya Austria na Ujerumani, akafika cheo cha luteni jenerali. Hapa panahitaji kuangaliwa vizuri, maana ndipo hoja ya kwamba alikuwa mtu wa Ujerumani tangu mwanzo inapoanguka. Alipigana na Wajerumani na washirika wao kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliowachukia walikuwa Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin waliotwaa madaraka Urusi mwaka 1917, wakamuua bwana wake na kuuvunja ulimwengu aliokulia. Urusi yenyewe hakuichukia. Picha ya Nicholas II aliiweka nyumbani kwake Helsinki hata pale picha hiyo ilipowaudhi Wafini wenzake.

Vita vya kwanza: ndugu kwa ndugu

Finland ilitangaza uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Wiki chache baadaye nchi ikapasuka. Upande mmoja walisimama Wekundu, wengi wao wafanyakazi wa viwandani na wakulima wasio na ardhi, wakisaidiwa na Wabolsheviki. Upande wa pili walisimama Weupe, yaani serikali, wenye mali na wakulima wenye mashamba yao. Mannerheim, aliyekuwa amerejea nyumbani Desemba ileile baada ya miaka 30, akapewa jukumu la kuwaongoza Weupe. Alianza Januari 1918 huko Vaasa kwa kuwanyang'anya silaha askari wa Urusi waliokuwa bado nchini. Kifini chake kilikuwa dhaifu; alikiboresha akiwa mtu mzima.

Jeshi lake liliuteka mji wa Tampere mwanzoni mwa Aprili baada ya mapigano makali ya mitaani. Wakati huo Ujerumani nayo ilikuwa imetua kusini kuwasaidia Weupe, na ndiyo iliyoichukua Helsinki. Mannerheim hakuupenda msaada huo. Aliona Ujerumani itashindwa vita vikuu na Finland itabaki na deni kwa aliyeshindwa. Serikali ilipozidi kuielekea Berlin, akajiuzulu mwishoni mwa Mei.

Watu wapatao 36,000 walikufa katika nchi ya watu milioni tatu na kidogo, na wengi wao hawakufia vitani. Maelfu ya Wekundu walipigwa risasi baada ya kukamatwa. Wengine zaidi ya 12,000 walikufa makambini kwa njaa na magonjwa, wengi katika kiangazi cha 1918. Wekundu nao waliua watu kikatili, ila kwa idadi ndogo zaidi. Watetezi wa Mannerheim husema vifo vingi vya makambini vilitokea baada ya kujiuzulu kwake, na tarehe zinawaunga mkono. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi makambi yalipojazwa na watu wakipigwa risasi bila hukumu ya haki. Mimi siwezi kumwondolea mzigo huo, na kwa vizazi kadhaa familia za wafanyakazi wa Finland hazikumwondolea. Kwao hakuwa baba wa taifa, alikuwa jenerali mchinjaji.

Desemba 1918 alirudishwa kuwa mtawala wa muda wa nchi. Alitumia miezi hiyo kutafuta chakula kwa nchi yenye njaa na kuzifanya Uingereza na Marekani ziutambue uhuru wa Finland. Julai 1919 aligombea urais bungeni, akashindwa na K. J. Ståhlberg kwa kura 143 dhidi ya 50. Alikubali matokeo. Miaka iliyofuata alikaa kando ya siasa, akaongoza Msalaba Mwekundu wa Finland na mwaka 1920 akaanzisha, pamoja na dada yake Sophie aliyekuwa muuguzi, shirika la ustawi wa watoto ambalo lipo hadi leo. Mwaka 1931 akawa mwenyekiti wa baraza la ulinzi, na tangu hapo kila bajeti ilipopita alilia kwamba jeshi halina silaha.

Vita vya pili: siku 105 za baridi

Agosti 1939 Hitler na Stalin walitiliana saini mkataba wa kutoshambuliana, na katika kipengele cha siri wakagawana Ulaya ya Mashariki. Finland iliangukia fungu la Stalin. Miezi miwili baadaye Moscow ikadai mpaka usogezwe mbali na Leningrad (jina la wakati huo la St Petersburg), mji uliokuwa umbali wa kilomita 30 hivi tu kutoka mpakani, na ipewe kituo cha kijeshi katika rasi ya Hanko.

Wengi wanamdhania Mannerheim mtu wa vita aliyesema hatutoi hata inchi. Kinyume chake ndicho kweli. Aliishauri serikali ikubali kuachia baadhi ya maeneo kwa sababu alijua akiba ya mizinga na risasi haitoshi. Wanasiasa hawakumsikiliza, na alikuwa tayari ameomba kujiuzulu wakati mabomu yalipoanza kuanguka Helsinki tarehe 30 Novemba 1939. Alikuwa na umri wa miaka 72. Aliondoa ombi lake na kuchukua uamiri jeshi.

Siku zilizofuata ndizo zilizompa umaarufu duniani. Majeshi ya Kisovieti yaliingia yakiwa na vifaru, ndege na watu wengi, lakini kaskazini mwa ziwa Ladoga yalilazimika kufuata barabara nyembamba zilizopita katikati ya misitu yenye theluji nyingi. Wafini, wakitembea kwa ski, waliikata misafara hiyo vipandevipande na kumaliza kipande kimoja baada ya kingine. Huko Suomussalmi na kwenye barabara ya Raate, vikosi vya Hjalmar Siilasvuo viliziangamiza divisheni mbili kwa njia hiyo kati ya Desemba na mwanzo wa Januari. Tukumbuke kwamba mbinu hii ilikuwa kazi ya maofisa na askari wa huko misituni. Mannerheim, kutoka makao yake makuu Mikkeli, kazi yake ilikuwa kugawa kidogo alichokuwa nacho na kujua lini aache.

Kuna simulizi mbili za vita hivi zinazorudiwa mno. Ya kwanza ni kwamba "Mstari wa Mannerheim", safu ya ulinzi ya Wafini, ulikuwa ukuta wa chuma na zege. Sehemu kubwa ya mstari huo katika shingo ya nchi ya Karelia, kati ya Ghuba ya Finland na ziwa Ladoga, ilikuwa mahandaki, magogo na seng'enge; ngome za zege zilikuwa chache na zimetawanyika. Simulizi ya ukuta usiopenyeka iliifaa Moscow, iliyotakiwa kueleza kwa nini jeshi kubwa limekwama. Ya pili ni kwamba Finland ilishinda. Haikushinda. Februari 1940 mstari ulivunjwa, na Mannerheim mwenyewe akaisukuma serikali itafute amani kabla jeshi halijakatika. Mkataba wa Machi 1940 uliichukulia Finland karibu sehemu moja ya kumi ya ardhi, pamoja na mji wa Viipuri, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao. Wafini karibu 26,000 walikufa; wa upande wa Kisovieti walizidi 120,000. Kilichookolewa ni dola. Moscow ilikuwa tayari imeunda serikali ya vibaraka chini ya mkomunisti wa Kifini Otto Wille Kuusinen, nayo ikaachwa.

Vita vya tatu: kando ya Hitler

Sasa tunafika kwenye fundo lenyewe. Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi ya Kisovieti, na siku chache baadaye Finland ikaingia vitani tena. Wafini wanaviita Vita vya Mwendelezo, kwa maana kwamba wanaendeleza vile vya 1939 ili warudishiwe ardhi yao. Msimamo rasmi wa Helsinki ulikuwa kwamba Finland si mshirika wa Ujerumani bali inapigana vita vyake yenyewe, vilivyotokea tu kuwa na adui mmoja.

Chukua mfano wa watu wawili wanaomdai mtu mmoja. Kila mmoja ana deni lake, na wote wanafika mlangoni alfajiri moja. Finland ilisema: sisi tumekuja kuchukua chetu tu. Hoja ina uzito, kwa sababu deni lilikuwa la kweli. Lakini mlango waliuvunja pamoja, kwa saa waliyokubaliana, na Finland alipomaliza kuchukua chake akaingia chumba cha ndani na kuchukua kisichokuwa chake.

Chumba hicho ni Karelia ya Mashariki, eneo ambalo halikuwahi kuwa la Finland. Julai 1941 Mannerheim alitoa amri kwa askari wake akikumbusha kiapo alichotoa 1918 kwamba hatarudisha upanga wake alani mpaka eneo hilo liwe huru. Amri hiyo iliwashtua hata mawaziri wake. Jeshi likavuka mpaka wa zamani, likaiteka Petrozavodsk, na wakazi Warusi kwa maelfu wakawekwa makambini. Zaidi ya 4,000 walikufa, wengi kwa njaa ya mwaka 1942. Mateka wa kivita wa Kisovieti waliofia mikononi mwa Wafini hawakupungua 18,000. Nchi yenyewe ilikuwa na njaa wakati huo, jambo linaloeleza sehemu ya vifo hivyo, lakini si yote. Anayemsifu Mashali bila kutaja hesabu hizi anasimulia nusu ya hadithi.

Nusu nyingine nayo ipo. Wajerumani walimwomba aishambulie Leningrad kutoka kaskazini; alikataa. Jeshi lake lilisimama karibu na mpaka wa zamani upande huo, na sehemu ya reli ya Murmansk iliyokuwa ikipitisha misaada ya Marekani hakuikata. Wanahistoria wa Urusi wanajibu kwamba kusimama huko kwenyewe kuliufunga mji upande wa kaskazini, wakati mamia ya maelfu ya watu wakifa kwa njaa ndani yake, na jibu hilo halina la kupinga. Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Finland tarehe 6 Desemba 1941, siku ya uhuru wake. Marekani haikutangaza kamwe.

Kuhusu Wayahudi, Finland haikuwa na sheria za ubaguzi kama za Berlin. Wayahudi wapatao 300 walitumikia katika jeshi la Mannerheim, na karibu na mto Syväri walikuwa na sinagogi la hema, huku askari wa Ujerumani wakiwa jirani. Hata hivyo Novemba 1942 polisi wa Finland waliwakabidhi Wajerumani wakimbizi wanane wa Kiyahudi, na mmoja tu ndiye aliyenusurika. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, waziri mkuu Paavo Lipponen aliomba radhi hadharani.

Na ile picha na Hitler? Ni ya tarehe 4 Juni 1942, Mannerheim alipotimiza miaka 75. Hitler alijialika, taarifa ikitolewa muda mfupi tu kabla. Mannerheim hakutaka kumpokea makao makuu, kwani ingeonekana kama ziara ya kiserikali, hivyo walikutana kwenye gari moshi karibu na Imatra. Fundi wa redio ya taifa, Thor Damen, aliendelea kurekodi baada ya hotuba rasmi kwisha, akanasa dakika kama 11 za maongezi kabla Wajerumani hawajamzuia. Sauti hiyo inapatikana mtandaoni: Hitler akiongea kwa utulivu, bila kufoka, akikiri kwamba hakutegemea Wasovieti wawe na vifaru vingi kiasi kile. Mannerheim muda mwingi anasikiliza. Wiki chache baadaye alikwenda Ujerumani kurudisha ziara. Hakuwa Mnazi, wala hakuamini itikadi zao. Alikuwa mkuu wa jeshi aliyekula ngano ya Ujerumani na kupigana kwa silaha za Ujerumani, na alijua gharama yake.

Vita vya nne: kutoka mlangoni

Juni 1944 Jeshi Jekundu, yaani la Kisovieti, lilishambulia kwa nguvu kubwa na Viipuri ikaanguka tarehe 20. Finland ilihitaji silaha za Ujerumani haraka, na Hitler alitaka ahadi kwamba haitafanya amani peke yake. Rais Risto Ryti akaitoa ahadi hiyo kwa barua yenye jina lake binafsi. Silaha zikaja, na mapigano ya Tali na Ihantala yakalizuia jeshi la Kisovieti. Kisha Ryti akajiuzulu. Tarehe 4 Agosti bunge likampa Mannerheim urais kwa sheria maalumu, naye akamwambia jemadari wa Hitler, Wilhelm Keitel, kwamba ahadi ya Ryti haimfungi. Ulikuwa ujanja wa kisheria, na ndio uliowatoa.

Mapigano yalisimama mwanzoni mwa Septemba. Masharti ya Moscow yalikuwa magumu: mipaka ya 1940 irudi, eneo la Petsamo liachwe, fidia ya dola milioni 300 ilipwe kwa bidhaa, na Wajerumani zaidi ya 200,000 waliokuwa Lapland, kaskazini mwa nchi, wafukuzwe kwa nguvu. Hivyo vita vya nne vikawa dhidi ya mwenzi wa jana. Siilasvuo yuleyule wa Suomussalmi aliviongoza huko kaskazini. Wajerumani walirudi nyuma wakichoma kila kitu, mji wa Rovaniemi ukabaki majivu, na wa mwisho wao akaondoka Aprili 1945. Fidia ililipwa yote. Awamu ya mwisho ilipelekwa mwaka 1952.

Viongozi wanane wa wakati wa vita walishtakiwa baadaye kwa kuiingiza nchi vitani. Ryti alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Mannerheim hakuguswa, ingawa hakuna uamuzi mkubwa wa 1941 uliompita pembeni. Moscow iliona kwamba yeye ndiye aliyeweza kulifanya jeshi la Finland likubali amani, na haikudai afikishwe mahakamani. Ryti alibeba deni la wawili; hilo naliona wazi kila ninaposoma hukumu zile. Mannerheim alijiuzulu urais Machi 1946 kwa sababu ya afya, akaenda Uswisi kuandika kumbukumbu zake, akafariki Lausanne mwishoni mwa Januari 1951. Amezikwa Hietaniemi, Helsinki, pamoja na askari wake.

Leo barabara kuu ya Helsinki ina jina lake, sanamu yake juu ya farasi imesimama hapo tangu 1960, na mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa walimchagua kuwa Mfini mkuu kuliko wote. Lakini mwaka 2012 shirika hilohilo la utangazaji, Yle, lilipoonyesha filamu fupi ya maisha yake iliyotengenezwa Kenya na waigizaji wa Kenya, Telley Savalas Otieno akiwa ndiye Mannerheim, Finland ilichemka kwa wiki kadhaa. Na Urusi, mwaka 2016, kibao cha kumkumbuka kilifunguliwa St Petersburg, katika mji uleule uliokaa siku karibu 900 ndani ya mzingiro. Maofisa walisema kinamheshimu jenerali wa Kaisari wa kabla ya 1918. Wakazi walikwenda mahakamani, kibao kikamwagiwa rangi nyekundu zaidi ya mara moja, na Oktoba mwaka huohuo kikaondolewa.